Mbea wa Bi Kolumba

Severina Kikoti alihesabu mapigo ya moyo ya Bi Kolumba Gama akapata mia moja ishirini na nne kwa dakika. Akahesabu upya, maana mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii amefundishwa kutoiamini hesabu ya kwanza, akapata mia moja ishirini na sita. Mkono wa mama huyo ulikuwa mkavu na wa moto. Halafu akatazama kishikwambi mapajani mwake. Kishikwambi kilisema moyo wa Bi Kolumba unapiga mara sitini na nane, sukari yake ni tano nukta tatu, na jana amelala usingizi mzuri.

"Mtani," Severina alisema, "jana ulilala saa ngapi?"

"Kulala? Nimeshinda njia ya chooni mpaka jogoo akawika. Maji nayo, ndoo nzima nimeimaliza peke yangu." Bi Kolumba alicheka, midomo imempasuka kwa ukavu. "Mbona umenuna? Au hapa Lukumbi umekosa mbwa wa kitoweo?"

Siku nyingine Severina angelijibu tusi hilo kwa tusi kubwa zaidi. Yeye Mhehe, Bi Kolumba Mngoni, na makabila hayo mawili yalipigana zamani mpaka yakachoka, yakakubaliana kutukanana kwa upendo hadi mwisho wa dunia. Kwa miezi minne aliyokaa kwenye kata hii ya milimani akikusanya takwimu za tasnifu yake, hakuna asubuhi aliyoamka asitaniwe.

"Nionyeshe mbea wako."

Kwenye makaratasi ya Mpango wa Mizani kifaa hicho kiliitwa kisomaji. Kilikuwa kiduara cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinabandikwa nyuma ya mkono, na kila baada ya dakika tano kinasoma sukari na mapigo ya moyo na kupeleka habari kwa Mizani, ile akili ya mashine iliyokabidhiwa wagonjwa wa kisukari laki sita wa nchi nzima. Lukumbi walikiita mbea kwa sababu kilikuwa hakifichi neno. Ukila andazi, Mizani imejua. Ukionja pombe ya harusi ya mwanao, imejua. Na mtu ambaye sukari yake ingekaa juu miezi mitatu, gari lilikuja kumchukua likampeleka Kambi ya Uangalizi, nusu mwaka, akale kwa mizani na kutembea kwa kengele. Mwaka uliopita walichukuliwa saba. Mmoja alirudi kwenye jeneza, na sita waliorudi kwa miguu yao walikuta mashamba yamekuwa pori.

Bi Kolumba alijivuta kitenge begani. Severina akakiondoa taratibu. Nyuma ya mkono palikuwa na duara la ngozi iliyopauka, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Kiko wapi?"

"Kimekwenda kutembea." Kisha, alipoona mgeni wake hacheki, akasema kwa sauti ya chini, "Kiko kwa mama Mhapa, mtani wangu wa ng'ambo ya barabara. Ana damu nzuri yule, hata mafua hayamjui."

Mama Mhapa alikuwa na afya ya ng'ombe wa maonyesho. Ndiyo maana Bi Kolumba, mgonjwa namba kumi na saba, aliongoza kata nzima kwa sukari nzuri.

*

Bi Adelgunda Ngonyani, mhudumu wa afya wa kata, ndiye aliyeyapanga yote, na hakujaribu kukana. Alisimama barazani kwa Bi Kolumba akakunja mkono wa blauzi mpaka begani. Mbea ulikuwa umembana barabara, naye hakuwahi kuugua kisukari maishani mwake.

"Huu ni wa Mzee Kihwele," alisema. "Mhehe mwenzio. Yeye mtani wangu mimi."

"Wako wangapi?"

"Kati ya wale wagonjwa arobaini na mmoja wa utafiti wako? Ishirini na sita."

"Mama Adelgunda! Nani aliwafundisha jambo hili?"

"Nani wa kutufundisha?" Bi Adelgunda alishangaa kweli. "Mtani akifiwa, kaburi unachimba wewe. Akiugua, shamba lake unalima wewe. Leo mtu aombwe kubeba kitu kidogo kama kifungo ndiyo akatae? Tungeitwa watu sisi?"

"Na pampu? Mlidhani pampu inapata wapi habari?"

Kila mgonjwa alikuwa na pampu ndogo ya insulini tumboni. Bi Adelgunda aliitazama ile ya Bi Kolumba iliyotuna chini ya kanga, kisha akamtazama Severina. "Si ilifungwa na yule nesi aliyekuja kipindi cha mavuno? Hawa wambea walibandikwa na watu wengine kabisa, tena na gari jingine. Tulijua pampu ni dawa, mbea ni polisi."

"Pampu inamsikiliza mbea, mama. Mbea akisema sukari iko chini, pampu inabana dawa. Mama Mhapa akiwa mzima, Bi Kolumba ananyimwa."

Bi Adelgunda alikaa chini kwenye ngazi ya baraza. Severina naye aliona aibu ikimpanda usoni, kwa sababu semina ya wagonjwa wa Lukumbi aliifundisha yeye. Dakika arobaini za picha za ugali, mboga na matunda. Hakuna sentensi hata moja iliyosema kwamba vifaa hivyo viwili vinazungumza.

Na aibu ilikuwa na mzigo mwingine mgongoni. Tasnifu yake ilikuwa imethibitisha kwamba wagonjwa wa Lukumbi, wakifuatiliwa na majirani, wanaishi vizuri kwa insulini pungufu kwa theluthi moja. Wakubwa wa Mpango waliufurahia ugunduzi huo kupita kiasi. Jopo la watahini likiipitisha tu tasnifu, Mizani ingeupokea kama kanuni, na tarehe mosi pampu laki sita zingepunguza dawa. Sheria ilikuwa hiyo: dozi ya nchi haiguswi mpaka utafiti upite mbele ya jopo. Utetezi wake ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu.

"Warudishieni leo," alisema.

"Tukirudisha leo, Mizani itaona watu ishirini na sita wameugua kwa mpigo. Kesho gari liko hapa, hawatangoja hiyo miezi mitatu." Bi Adelgunda alimshika mkono. "Mwanangu, tupe siku kumi. Tutawarudishia mmoja mmoja, sukari tukiishusha kwanza kwa sindano za mkono. Wewe nenda kafanye mtihani wako."

Severina alipaswa kukataa. Alijua hivyo wakati ule ule, na baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakujua. Lakini siku kumi zilimfaa na yeye. Alichukua kipimo cha zamani cha kutoboa kidole, akampima Bi Kolumba akakuta ishirini na nne, akamchoma sindano, na kufika jioni sukari ilikuwa imeshuka hadi kumi na moja na mama wa watu anaomba chai. Akaacha chupa za insulini na mabomba ya sindano, akaandika ratiba ya asubuhi na jioni, akamwelekeza Bi Adelgunda mara tatu. Kisha akapanda gari akarudi chuoni.

Siku ya nane Bi Kolumba alitapika. Bi Adelgunda alidhani sindano imemzidi nguvu, kwa hiyo akaiacha. Ndicho kitu pekee ambacho hakikuwemo kwenye ratiba: mgonjwa akitapika, dawa haiachwi. Siku ya kumi asubuhi alifariki, na Mizani ikaandika tano nukta moja.

*

Kwenye msiba wa Kingoni mtani ndiye mwenye kelele. Huiga mwendo wa marehemu, huzuia jeneza mlangoni, hudai apewe chake ndipo wafiwa wapite, na watu hucheka huku wanalia. Mama Mhapa alitegemewa kuwa wa kwanza. Badala yake alikaa ukutani, mkono mmoja umeufunika mwingine, na wazee wakaanza kuulizana mtani gani huyu aliyekuja kutuongezea huzuni.

Severina alifika jeneza likiwa bado ndani. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu walikuwa wakinong'ona pale uani, na yeye alisikia kwamba maradhi yaliyofichwa yalikuwa na waficha wengi, naye mmojawao. Kishikwambi kililia mkobani mwake. Alikitoa ili akizime, akakuta ujumbe: *Hongera Bi Kolumba! Umemaliza wiki ya ishirini ukiwa na sukari salama.*

Hakukizima. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mama Mhapa, akapiga magoti mbele yake.

"Mtani huchukua kitu cha marehemu," alisema kwa nguvu, ili wote wasikie. "Mimi ni Mhehe. Nimekuja kuchukua changu."

Mama Mhapa alielewa. Machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akakunja mkono wa gauni, Severina akaubandua mbea na kuubandika kwenye mkono wake mwenyewe kabla dakika tano hazijaisha. Mizani haikugundua chochote, kwani ilichohitaji ni ngozi hai tu. Wazee walipiga makofi kidogo wakidhani ni mchezo wa kimsiba, jeneza likatoka.

Baada ya mazishi aliwakusanya wanawake nyuma ya jiko, wote waliokuwa na mbea wa mtu; sukari za wenyewe zilikuwa hazijashuka, na hakuna hata mmoja uliokuwa umerudishwa.

"Keshokutwa saa nne asubuhi nasimama mbele ya jopo," aliwaambia. "Nitasema ukweli. Majina yenu sitayataja."

"Na gari?" aliuliza Bi Adelgunda. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Sijui, mama."

"Hujui." Bi Adelgunda alitikisa kichwa. "Umesoma kote huko, na hujui."

Hakukuwa na utani ndani yake. Severina aliondoka na maneno hayo.

*

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Nasra Machano, Mzanzibari mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Kulia kwake alikaa Bwana Tumsifu Mlaki, mkurugenzi wa Mpango wa Mizani, na kushoto mtahini kutoka chuo kingine, ambaye alikuwa anapanga kalamu zake. Ukutani palikuwa na skrini kubwa yenye ramani ya Lukumbi, na juu ya ramani nukta arobaini na moja za wagonjwa, zikionyesha hali yao ya wakati huo huo. Zote zilikuwa za kijani.

"Una dakika ishirini," alisema Profesa Machano. "Bismillahi, anza."

Severina hakufungua ukurasa wa kwanza. "Naomba Bwana Mlaki atusomee mgonjwa namba kumi na saba."

Mlaki alitabasamu. Alikuwa mtu mchangamfu na huyo ndiye mgonjwa aliyempenda. "Kolumba Gama, miaka sitini na moja. Sukari nne nukta tisa. Mapigo ya moyo mia na kumi na mbili, ana wasiwasi kidogo leo. Vinginevyo mzima wa afya."

"Tulimzika juzi."

Severina alivua koti, akawageuzia mkono. Mtahini aliziacha kalamu zake. Kisha Severina akaubandua mbea ukatoka na vinyweleo, akauweka juu ya meza, na wote wanne wakakaa wakitazama ukutani. Dakika zilipita polepole mno. Nukta ya kumi na saba ilipozimika, Profesa Machano alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akavua miwani.

Severina aliwaeleza yote: watani, ngozi nzima zilizosomwa badala ya zilizougua, pampu zilizobana dawa, semina yake ya picha za ugali, siku kumi alizozikubali. "Matokeo yangu ni ya watu wazima wa afya," alimalizia. "Mkiipitisha tasnifu hii, tarehe mosi mtapunguza dawa ya wagonjwa kwa kipimo cha watu wasioumwa. Naomba mnifelishe."

Wa kwanza kusema alikuwa Mlaki, na uchangamfu wote ulikuwa umemwisha.

"Mmoja. Umetuonyesha mmoja, aliyekufa, na mbea wake uliubandika mwenyewe. Nitajuaje kwamba si wewe uliyeharibu? Wasiwasi wa kabla ya mtihani umewafanyia watu makubwa kuliko hayo."

"Wako ishirini na watano wengine."

"Wataje."

"Niliahidi kutowataja."

"Basi hawapo." Mlaki alimgeukia mwenyekiti. "Profesa, kosa la kifaa kimoja haliangushi utafiti wa watu arobaini na mmoja. Napendekeza ipite, na huyu apumzishwe."

Profesa Machano alivaa miwani yake polepole. "Mwanangu," alisema, "mimi nakuamini. Lakini imani yangu si ushahidi, na kura hapa ni tatu. Ukinipa majina, nitalisimamisha jambo hili leo hii. Usiponipa, nina kifo kimoja dhidi ya chati arobaini. Unanielewa ninachokuomba?"

Alielewa kuliko alivyotaka. Upande mmoja walikuwepo watu laki sita asiowajua hata kwa sura. Upande mwingine, ishirini na watano aliokula kwao. Darasani walifundishwa kwamba afya ya jamii ni hesabu ya wengi, na yeye alijibu swali hilo kwenye mtihani akapata alama ya juu. Hakuna aliyemwambia kwamba hesabu ina uso, kwamba itakuja na Mzee Kihwele anayemwekea kiti juani kila asubuhi, na magoti yake mabovu, akiuliza nani atamfungulia kuku akiwa kambini. Alimchukia Mlaki. Alijichukia zaidi kwa zile siku kumi, kwa sababu angesema mapema, Bi Kolumba angekuwa hai wa kusema naye.

"Tunasubiri," alisema Mlaki.

Severina alifumba macho. Alisikia sauti yake ikitoka, nyembamba.

"Mzee Kihwele. Namba tisa."

Alipofumbua macho, Mlaki hakuwa anamtazama yeye. Wote watatu walikuwa wamegeukia skrini. Nukta ya tisa ilikuwa nyekundu.

Ilikuwa nyekundu kabla hajalitaja jina, maana kando yake mashine ilikuwa imeandika saa nne na dakika ishirini, na saa ya ukutani ilisema na ishirini na mbili. Ikafuata namba ishirini na tatu. Ikafuata ya nne, na ya thelathini, na mbili kwa pamoja upande wa mtoni. Mtahini alikuwa anazihesabu kwa kunong'ona bila kujua kwamba anasikika. Kando ya nukta sukari ziliandikwa: kumi na tisa nukta sita. Ishirini na moja. Kumi na saba. Huko Lukumbi wanawake walikuwa wakitembea nyumba kwa nyumba, wakibandua mikononi mwao na kubandika mikononi mwa wenyewe, na Mizani ilikuwa inawaona wagonjwa wake kwa mara ya kwanza.

Ilipofika ishirini na tano, Mlaki alinyanyuka huku simu iko sikioni. "Andaeni magari," alisema akitoka. "Mawili."

Profesa Machano alivuta fomu. Aliandika neno moja kwenye nafasi ya matokeo, akatia sahihi, akampa mtahini naye akatia sahihi bila kusoma. Kisha akaigeuza fomu ili Severina aone. *Amefeli.*

"Hii inafika kwa Mizani kabla ya adhuhuri," alisema. "Dozi haitaguswa." Akampa mkono.

*

Severina alipiga simu akiwa amesimama kwenye korido, mgongo ukutani.

"Mtani," Bi Adelgunda aliitikia. Nyuma yake kuku na watoto walikuwa wanapiga kelele. "Umefaulu?"

"Nimefeli."

"Nilijua tu. Vichwa vya Wahehe, mawe matupu." Alicheka, kicheko kikamkatikia katikati. "Pampu zimeanza kulia huku, zote kwa pamoja, zinawachoma dawa yao. Mzee Kihwele anasema tumbo limemsisimka."

"Mama, nilimtaja." Ilibidi aseme haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Mzee Kihwele. Wakanibana, nikamtaja kwa jina. Niliwaahidi, na ahadi nimeivunja."

Upande wa pili Bi Adelgunda aliwafukuza watoto kwanza.

"Ulimtaja saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne na ishirini na mbili."

"Alikuwa ameshauvaa. Tena alisema avishwe yeye wa kwanza, kwamba Kolumba alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na amemtangulia." Akavuta pumzi. "Sisamehi mimi, asamehe mwenyewe. Utakuja umwambie usoni. Na gari?"

"Yanakuja mawili. Yanaondoka sasa hivi."

"Waje. Safari hii watatukuta wazima kidogo." Kisha sauti yake ikawa kali, ile ya kuamrisha wachimba kaburi. "Ila sikiliza, mtani. Usije nyuma yao na basi ukatukuta tumeshapakiwa. Uwe ndani ya hilo gari la kwanza, na wakishuka, mtu wa kwanza kuongea hapa uani uwe wewe."

Severina alishuka ngazi mbili mbili. Magari ya Mpango yalikuwa uwanjani, injini zinaunguruma, na Mlaki alikuwa anampa dereva karatasi ya majina. Alifungua mlango wa mbele wa gari la kwanza akapanda, akafunga mkanda.

"Kiti hicho ni changu," alisema Mlaki.

"Kaa nyuma," Severina alimjibu. "Njia ya kule naijua mimi."